Kigiriki cha onlaini: nilipe chuo au apu inatosha?

Swali la dada mmoja wa Dodoma, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo mwalimu. Nimepata nafasi ya masters Thessaloniki, Ugiriki, masomo yenyewe ni kwa Kiingereza, tunaanza Oktoba kwa hiyo nina kama miezi tisa. Nataka nifike nikiwa naweza kuongea na watu, sio nikae kama bubu sokoni. Nimeona vyuo vya huko vinafundisha Kigiriki mtandaoni ila ada zake zinatisha. Je nilipe, au apu za simu zinatosha? Halafu kuna rafiki yangu amesoma theolojia, amenipa kitabu chake cha Kigiriki anasema hicho hicho kitanifikisha. Na Kigiriki ni kigumu kweli kama wanavyosema?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera. Nianze na jibu lenyewe ili usisome weee mpaka chini ndo ulikute: lipia chuo, ila usilipie kila kitu, lipia mtu wa kukusahihisha. Video, mazoezi ya kubonyeza bonyeza, kamusi, redio, vyote hivyo vipo bure na vingine vimetengenezwa na vyuo vikuu vyenyewe. Kitu ambacho hakipo bure ni mwalimu anayesikia ulivyotamka, anakwambia rudia, unarudia, anakwambia tena rudia, halafu Jumanne ijayo anakuuliza kazi ya nyumbani iko wapi.

Hicho kitabu cha rafiki yako kirudishe, kwa upole. Kile ni Kigiriki cha Agano Jipya, cha miaka kama elfu mbili iliyopita, na vyuo vyetu vya theolojia vingi wanakisoma kwa matamshi ya kitaaluma ambayo Mgiriki wa leo hayatumii popote. Herufi β wao wanaisoma b, Mgiriki anaisoma v. Herufi η wanaisoma e ndefu, Mgiriki anasema i. Na maneno yenyewe yamehama. Kwenye Biblia maji ni ídor, samaki ni ikhthís, mkate ni ártos. Nenda dukani Thessaloniki uombe ídor uone muuzaji atakavyokuangalia, maji ni neró, samaki ni psári, mkate ni psomí. Ajabu ni kwamba yale ya zamani yapo bado kwenye vibao, duka la mkate limeandikwa artopiío juu ya mlango lakini watu wote wanasema naenda fúrnos. Kwa hiyo rafiki yako sio kwamba amekudanganya, kitabu chake kitakusaidia kusoma vibao, ila mdomoni hakikufikishi. Na hili lifanye la kwanza unapotafuta kozi: hakikisha imeandikwa Kigiriki cha kisasa, maana vyuo vingi vya Ulaya na Marekani ukiona "Kigiriki" peke yake wanamaanisha cha kale, nimeshaona mtu amelipa akaja kujikuta anasoma mambo ya Sokrates.

Sasa ugumu. Taasisi ya serikali ya Marekani inayofundisha lugha mabalozi wao inakadiria Kigiriki wiki 44 za darasani, kama masaa 1100, na Kiswahili wiki 36. Watu wanazikuta hizo namba mtandaoni wanaogopa. Ila soma vizuri, hayo ni makadirio ya mtu aliyelelewa na Kiingereza. Wewe sio huyo mtu! Na hapa ndo nina ugomvi na kozi karibu zote nilizopitia, zimepangwa kana kwamba kila mwanafunzi katoka London, wanatumia wiki nzima kukufundisha vitu ulivyozaliwa navyo halafu vitu vitakavyokutesa wanapita mbio.

Angalia sauti. Kigiriki kina irabu tano, a e i o u, zile zile zetu, fupi na safi. Mzungu anahangaika miezi kusema o isiyopinda, wewe unaisema toka chekechea. Halafu γ ni gh ya ghali, δ ni dh ya dhahabu, θ ni th ya thelathini, χ ni kh ya kheri. Maziwa yanaitwa γάλα, litamke ghala, ghala kabisa kama la mahindi, umemaliza. Ila hapa nikutahadharishe, kama wewe ni wa kusema "gali" ukimaanisha "ghali", au "samani" kwa "thamani", basi itabidi urudi kwa yule mwalimu wa Kiswahili wa darasa la tano aliyekuwa anakuchapia dh na th, maana huko ukichanganya hawakuelewi. Cha kuzingatia tu ni kwamba γ na χ zikifuatwa na e au i zinalainika, γ inakuwa kama y.

Kisicho kwao ni sh na ch. Mgiriki wa kawaida hana sh, kwa hiyo kama unaitwa Aisha zoea kuitwa Aísa, na chai wanaiandika τσάι, tsái. Saiprasi ndo wanazo zote mbili, sh na ch, lahaja yao nyingine kabisa.

Sarufi nayo, wanakutisha na jinsia tatu, ya kiume ya kike na ya kati, kila kitu lazima kikubaliane. O kalós fílos, i kalí fíli, to kaló pedhí: rafiki mzuri wa kiume, rafiki mzuri wa kike, mtoto mzuri. Mzungu analia. Wewe umekua unasema mtoto mzuri, kiti kizuri, nyumba nzuri, maua mazuri, bila mtu kukuonyesha jedwali. Ngeli tatu tu hizo mdogo wangu, tofauti ni kwamba wao wanabadilisha mkia na sisi tunabadilisha kichwa. Kitenzi pia, gháfo... samahani, ghráfo ni naandika, ghráfis unaandika, ghráfi anaandika, nafsi ipo ndani ya kitenzi humo humo kama kwetu, huna haja ya kutaja "mimi" kila sentensi.

Na kuna hili ambalo nilipoligundua nilicheka peke yangu usiku. Kigiriki cha leo hakina kitenzi-jina kama "kuandika". Hawasemi nataka kuondoka, wanasema nataka niondoke. Thélo na fígho, nataka niondoke. Thélo na fíyis, nataka uondoke. Ile "na" kazi yake ni ile ile ya e ya mwisho ya kwetu. Na kitabu wanasema to vivlío to dhiávasa, neno kwa neno ni kitabu nimekisoma, na hiyo "to" ya pili ndo "ki" yetu. Wakati ujao wanaweka tha mbele, tha ghrápso, nitaandika, imetokea tu imefanana na "ta" yetu lakini itumie kukumbukia, hakuna anayekukataza.

Maneno? Utakutana na ndugu. Waturuki walitawala Ugiriki karne kadhaa, maneno ya Kiarabu yakapitia kwao yakaingia Kigiriki cha mtaani, kama kwetu yalivyoingia kwa jahazi. Mgiriki akikutana na mshikaji wake anaweza kumwambia ti khabária? Yaani habari gani. Kitu cha miaka mingi wanasema khrónia ke zamánia, zamani hiyo. Hamali ni khamális, maskini wa kuhurumiwa ni fukarás, bamia ni bámia, na mtu akikutolea kitu kwa roho safi anakwambia khaláli su, halali yako. Kitu kikipotea bure wanasema kimekwenda kharámi. Kuna safari ya upande mwingine pia, daftari, karatasi, kalamu, almasi na falsafa, yote yalitoka kwa Wagiriki yakafika kwetu kupitia Kiarabu.

Haya, nimekutia moyo, sasa nikuonyeshe patakapokuuma.

Pa kwanza ni mkazo. Sisi Kiswahili mkazo upo silabi ya pili kutoka mwisho, siku zote, hatufikirii. Tuna barabara ya magari na barabara ya sawasawa, labda na vijineno vingine viwili vitatu, basi. Kigiriki mkazo unarukaruka na unabadilisha maana, nómos ni sheria, nomós ni mkoa, yéros ni mzee, yerós ni imara. Mimi muhula wa kwanza nilimwandikia mwalimu wangu ujumbe nikiuliza lini tuna kipindi, πότε έχουμε μάθημα, sema ile alama ya mkazo nikaiweka irabu ya mwisho, ποτέ. Hiyo ni "kamwe". Akanijibu kwa upole kabisa kwamba vipindi vipo, kila Jumanne, asingependa visiwepo kamwe. Nikaelewa siku hiyo kwamba ile alama sio pambo. Tangu 1982 wamebakiza alama moja tu, zamani zilikuwa kadhaa, kwa hiyo shukuru. Zoea kuiandika kila neno toka siku ya kwanza, na sema neno kwa sauti huku unapiga meza kwenye silabi yenye mkazo, majirani wavumilie.

Pa pili tahajia ya i. Sauti i wanaiandika ι, η, υ, ει, οι, na mara chache υι. Zote i! Rafiki yule wa kike ni η φίλη, marafiki ni οι φίλοι, na yote mawili unayasikia i fíli. Hakuna njia ya mkato, unaandika kwa mkono, daftari zima. Apu ndo zinakuangusha hapa kwa sababu zinakupa maneno tayari uchague, unabonyeza sahihi, inalia ting, unajiona umeiva, ukipewa karatasi tupu huwezi kuandika hata "familia" kwa Kigiriki. Duolingo inayo Kigiriki, itumie kwenye daladala, haidhuru, ila isiwe ndo chuo chako. Na usizoee kuchati kwa herufi za Kilatini, Wagiriki wenyewe wanafanya sana lakini wao tahajia wanaijua.

Pa tatu ni kitenzi, na hapa sikudanganyi, hapa ndo miaka inapokwenda. Kila kitenzi kina mashina mawili, moja la tendo linaloendelea au kurudiarudia, jingine la tendo zima lililofanyika likaisha. Tha ghráfo, nitakuwa naandika, kila siku kwa mfano. Tha ghrápso, nitaandika, mara moja, leo. Wazo lenyewe sio geni, tunalo niliandika na nilikuwa naandika, lakini wao wanadai uchague kila unapofungua mdomo, hata kwenye kuamrisha, na shina la pili mara nyingi halifanani na la kwanza kabisa. Naona ni vlépo, nataka nione ni thélo na dho. Ukijifunza kitenzi kipya andika mashina yote mawili siku hiyo hiyo. Kozi inayokufundisha wakati uliopo peke yake miezi mitatu halafu ndo wanaleta shina la pili, kimbia, au nenda mbele yao mwenyewe.

Sasa vyuo. Athens, chuo kikuu chao kikongwe kilichoanza 1837 kina kituo maalum cha kufundisha wageni Kigiriki cha kisasa, na kule kule unakokwenda, Chuo Kikuu cha Aristotle kina shule ya Kigiriki cha kisasa toka 1970. Vyote viwili vina madarasa ya mtandaoni. Chuo Kikuu cha Saiprasi nacho kina shule yake. Bure kabisa kuna Staellinika, imetengenezwa na chuo cha Simon Fraser cha Kanada, ni masomo ya kujisomea mwenyewe kwa ngazi, yamepangwa vizuri kuliko apu nyingi za kulipia, maelezo ni kwa Kiingereza.

Ushauri wangu kwa miezi yako tisa. Mitatu ya kwanza usilipe senti. Jifunze herufi 24 kwa mkono wiki ya kwanza, na ujanja niliotumia mimi ni kuandika Kiswahili kwa herufi zao, orodha ya sokoni nzima, νάζι ni nazi, μπάμια ni bamia, ντίζι ni ndizi, maana b na d hazina herufi yake, wanaunganisha μπ na ντ, na katikati ya neno wengi wanazitamka mb na nd kabisa. Utakwama kwenye sauti chache tu kama w, sh na ch. Baada ya hapo maliza ngazi ya kwanza ya hiyo kozi ya bure, dakika arobaini kila siku sio masaa matano Jumapili. Mwezi wa nne ndo unaomba darasa la chuo la moja kwa moja, la Zoom, watakupa mtihani wa kukupanga, na kwa sababu umeshajisomea hutaanzia alfabeti, hela yako itaanza kufanya kazi kwenye kuongea na vitenzi. Mtu anayelipa ada ya chuo afundishwe alfa vita ghama anachoma hela.

Kabla ya kulipa waandikie ofisini kwao maswali, na usione haya. Darasa lina watu wangapi, wakizidi kumi hutaongea. Masaa mangapi ya mwalimu akiwa hai mbele yako, sio "masaa ya kozi" ambayo humo wamehesabu na kazi za nyumbani. Nani anasahihisha maandishi, mtu au kompyuta. Vipindi vinarekodiwa? Maana Tanesco unawajua. Na kwa kuwa unaenda kusoma mji huo huo, uliza kama mwanafunzi mtarajiwa anapata punguzo, wakisema hapana hujapungukiwa na kitu. Mimi kozi yangu ya kwanza sikuuliza lolote kati ya haya, nikajikuta nimelipia video alizorekodi mtu na fomu za kujaza, miezi minne hakuna binadamu aliyewahi kusikia sauti yangu. Nilikuja kusikia matamshi yangu mabovu kwa mara ya kwanza kwenye mtihani wa mdomo wa kozi iliyofuata.

Cheti usikikimbilie. Mtihani wa serikali yao unatolewa na Kituo cha Lugha ya Kigiriki chenye makao Thessaloniki, una ngazi sita, A1 ya anayeanza mpaka C2 ya aliyebobea, unafanyika Mei, mara moja kwa mwaka. Wewe masomo yako ni ya Kiingereza, mtihani utaufanya ukiwa hapo hapo mjini ukipenda, Mei ya mwaka ujao. Lengo lako la Oktoba liwe kufika mwisho wa A2, kununua vitu, kuuliza njia, kuongea na mwenye nyumba kuhusu bomba linalovuja. Hilo linawezekana kwa miezi tisa, B1 ni kujidanganya labda uache kazi.

Vitu vidogo vidogo. Weka kibodi ya Kigiriki kwenye kompyuta sasa hivi, mkazo unabonyeza kitufe cha nukta-mkato kwanza halafu irabu, na alama yao ya kuuliza ndo inafanana na nukta-mkato yetu, ipo kwenye Q. Ile sigma ya mwisho wa neno, ς, ipo kwenye W. Ndiyo ni ne, inasikika kama "no" ya Kiingereza, na hapana ni óhi, wiki mbili za mwanzo utaitika kinyume. Na Mgiriki akiinua nyusi, kichwa kikaenda nyuma kidogo, akatoa sauti ts, hajakusonya dada, usigombane naye, amekwambia hapana. Mtu mzima au usiyemjua muulize ti kánete, yaani hujambo, sio ti kánis, hiyo ya pili ni ya rika lako, heshima hiyo sisi tunaielewa bila kufundishwa. Ukifika utawasikia watu wa Thessaloniki wanasema se léo badala ya su léo, nakwambia. Walimu wa Athens wanalisahihisha, wewe lisikie tu utakuwa umefika nyumbani.

La mwisho ni saa, na hili limenigharimu. Ratiba wanaandika 18:00, kwetu saa kumi na mbili jioni. Sawa, kiangazi saa zao na zetu zinalingana. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha saa nyuma, kwa hiyo 18:00 yao inakuwa saa moja usiku yetu mpaka Jumapili ya mwisho ya Machi wanaposogeza tena mbele. Mwaka wangu wa kwanza ile ya Oktoba ilinikuta nimekaa peke yangu kwenye Zoom saa nzima bando linakwenda, hasara ndogo. Ya Machi ndo mbaya. Niliingia saa moja usiku kama nilivyozoea, na mtihani wa kuongea ulikuwa umeanza saa kumi na mbili, nikakuta wenzangu wanaagana. Wewe kama utaanza darasa Machi, andika hiyo tarehe ukutani leo.